Gari la Viti Viwili Mpaka Yala

Kama si gari la Ochieng', mpaka leo nisingekuwa nimevuka Nakuru. Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari. Kibanda changu kiko kando ya soko la Jericho, nyumba yangu iko Umoja, na watu wangu wako Machakos, upande mwingine kabisa wa nchi. Magharibi sikuwa na shamba wala shemeji. Nilienda mara moja tu, miaka ile ya tisini, kwa sababu Ochieng' alikuwa na gari lenye viti viwili akaniambia kimoja ni changu.

Watu wa Jericho mnalikumbuka gari lenyewe. Kwa wengine nitaeleza. Ochieng' aliendesha mitambo katika kiwanda cha misumari huko Industrial Area, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono isiyotulia. Mhindi mmoja aliyekuwa akihama nchi alimwachia bodi ya gari la spoti, zile ambazo mtu hujiundia mwenyewe. Bodi hiyo ni ya faiba na huja vipande vipande ndani ya masanduku: milango huku, boneti kule, pua ndefu iliyochongoka. Kazi yako ni kutafuta gari kuukuu lenye mgongo wa kobe, ulivue bodi yake, ubaki na sakafu, injini na magurudumu, kisha ulivishe ile faiba. Ochieng' alilivisha. Jumamosi na Jumapili za miaka mingi ziliishia pale kwenye kiwanja kidogo kati ya nyumba za baraza la jiji, yeye akiwa chini ya gari na miguu nje.

Na lilipokwisha hakuliacha lipumzike. Aliongeza kabureta ya pili. Aliondoa usukani mkubwa akaweka mdogo wa mbao, kazi ya binamu yangu anayechonga vinyago. Akabadilisha ekzosi mpaka ukawa unalisikia likinguruma ukiwa bado uko Makadara, mtaa wa jirani. Mwisho alilishusha, akalishusha tena, hadi ukiweka mkono chini ya tumbo lake unakwaruza vidole. Vijana wa mtaa waliliita Sabuni kwa ule wekundu na ule ulaini wake. Mimi nilishona viti, viwili, ngozi ya bandia nyeusi na uzi mwekundu, na sijawahi kushona viti vizuri kama vile. Nasema haya mapema ili msije mkadhani nililichukia gari lile. Nililipenda sana. Ni mkewe, Akoth, muuza samaki wa pale sokoni, aliyekuwa akilizunguka na beseni lake kichwani bila kuligusa.

Sababu ya safari ililetwa na Ouma, mdogo wake Ochieng', seremala wa huko kwao Yala. Aliketi kibandani kwangu akimngoja kaka yake atoke kazini, akanieleza wazi. Baba yao, mzee aliyestaafu kazi ya reli akarudi nyumbani, alikuwa anaumwa kifua na alijua haponi. Kabla hajaondoka duniani alitaka kumwonyesha kifungua mimba wake mahali pa kujenga dala, yaani boma lake mwenyewe, nje ya boma la baba. Kwao baba ndiye anayemtoa mwanawe akampeleka mpaka mahali hapo asubuhi, na nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo. Na mdogo hatoki kabla ya mkubwa. Ouma alikuwa na mke na watoto watatu ndani ya kibanda cha chumba kimoja karibu na lango la baba yake, kibanda cha kijana ambaye hajaoa, kwa sababu kaka yake aliyezaliwa na kukulia Jericho hakuwa amechimba hata choo nyumbani.

"Mwambie aje, Fundi," Ouma aliniambia. "Wewe anakusikia. Mimi nimechoka kungoja, na mzee hana wakati."

Ochieng' aliposikia hakukataa. Kwa kweli alifurahi kama mtu aliyealikwa harusini. Alisema ataenda, na ataenda na gari, ili mzee aone kwa macho yake alichokuwa akifanya mjini miaka yote hiyo.

Jericho, saa kumi na mbili asubuhi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nilipofika na begi langu la vifaa nilimkuta Akoth amesimama mlangoni, amevaa gauni la kanisani na kitambaa kichwani, begi liko miguuni. Mtoto wao wa kiume wa kwanza, Owino, alikuwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Nilidhani wanaenda Alego, kwao Akoth.

"Baba Owino, sisi tunakaa wapi?" Akoth aliuliza.

Ochieng' alikuwa akipangusa kioo. Alicheka. "Mnakaa wapi tena? Gari ni ya watu wawili. Na ikizima huko Mau, wewe ndiye utashika spana? Fundi anaenda na mimi."

"Mtu haendi kuonyeshwa dala peke yake."

"Ni kuonyeshwa tu, Mama Owino. Kujenga tutaenda wote Krismasi."

Akoth aliniangalia mimi. Alinijua vizuri, ni kwake nilikokuwa nikila samaki kila Ijumaa. Nikaanza, "Shemeji, labda..." akaniinulia mkono ninyamaze. Alisema, "Nendeni salama, Fundi," akachukua begi lake akaingia ndani. Yeye alikulia mashambani, alijua mambo ambayo mumewe wa Jericho aliyasikia nusu nusu kwenye matanga. Baadaye aliniambia kwamba walibishana juma zima na kwamba asubuhi ile alikuwa ameomba kwa mara ya mwisho. Mimi niliingia garini nikafunga mlango, nikajisikia vibaya, kisha injini ikanguruma na watu wa mtaa wakatoka kutupungia mikono, nikasahau.

Limuru tulifika baridi ikiingia kila mahali, maana Ochieng' hakupata kamwe dawa ya ule ufa kati ya mlango na paa. Katika gari lile ulikuwa unakaa chini sana, macho yako yanalingana na ekseli za malori. Bonde la Ufa, ambalo nilikuwa nimelisikia sifa zake tangu shule, sikuliona. Ukungu ulikuwa umelijaza mpaka juu. Nilichokiona ni tairi za matrela na maji machafu yaliyokuwa yakimwagwa juu ya kioo chetu.

Naivasha tulikunywa chai. Nakuru tulipotia mafuta, watu walikuja kulitazama gari, na Ochieng' akafungua boneti mara mbili kabla ya kuombwa. Kila mtu aliuliza swali lile lile, linakimbia vipi, naye akajibu kwa raha zote. Siku hiyo mpaka hapo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko watu wote ninaowajua.

Karibu na Mau Summit, mchana, mvua ikiwa imeshika hasa, kanyagio la mafuta lililegea likalala sakafuni. Waya wa kuvuta kabureta ulikuwa umekatika. Ilikuwa kabureta ile ya pili iliyofanya waya upinde vibaya. Tulilala chini ya gari kwenye matope, na kwa kuwa hapakuwa na waya mwingine nilisokota uzi wangu wa nailoni, ule wa kushonea viti, nikaupitisha mahali pa waya. Ilichukua muda mrefu kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ulipovuta, Ochieng' alinipiga begani.

"Unaona sasa? Akoth angefanya nini hapa?"

Nilicheka naye. Lakini tulichelewa, na huko Yala, kama tulivyokuja kujua, mzee alikuwa ameketi uani tangu asubuhi amevaa koti lake akitungoja.

Kericho giza lilitukuta, tukalala katika nyumba ya wageni ya mama mmoja wa makamo ambaye alilitazama gari letu kupitia mvua na kuuliza, "Hiyo ni ya kazi ama ya kuchezea?"

"Nimeiunda mwenyewe, mama," Ochieng' alimwambia.

"Pole," akasema, akatuletea chai. Nadhani alikuwa anatupa pole ya safari.

Wakati tunakausha soksi Ochieng' alinieleza jambo ambalo hakuwahi kuniambia miaka yote chini ya gari. "Fundi, unajua mzee hajawahi kuona kitu mimi nimemaliza? Shule niliacha. Nyumba sijajenga. Kiwandani ananiona mtu wa kubonyeza swichi. Hii ndiyo kitu nilianza na nikamaliza. Nataka aisikie ikinguruma, basi. Aseme chochote." Nilimwonea huruma. Nilitamani tufike mapema kuliko yeye alivyotamani.

Kisumu tulipita asubuhi bila kusimama. Ziwa lilikuwa la rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Maseno, Luanda, kisha Yala, na hapo tukaacha lami. Barabara ya kuelekea kwao ilikuwa ya udongo mwekundu, na malori ya mchanga yalikuwa yameichimba mifereji miwili mirefu yenye tuta katikati. Gari la kawaida hupita pale likilalamika. Letu lililoshushwa na kushushwa tena lilikaa juu ya tuta lile na tumbo lake. Tulitoka, tukasukuma, tukaingia. Mbele kidogo kulikuwa na jiwe lililofichwa na maji. Tulisikia mlio mmoja mkubwa chini yetu, injini ikapiga kelele, na magurudumu hayakufuata. Chuma kinachoshikilia giaboksi kilikuwa kimekatika.

Kwa hiyo Sabuni iliingia nyumbani kwa mzee ikisukumwa na majirani waliokuwa wakitoka shambani, Ochieng' ameshika usukani mdogo wa mbao, mimi nyuma nimelowa tope mpaka kifuani.

Mzee alikuwa uani. Alikuwa mrefu kama mwanawe, amevaa koti zito la kazi ya reli lililofungwa vifungo vyote. Karibu naye palikuwa na shoka lenye mpini mpya, na jogoo aliyefungwa mguu. Alitusalimu kwa mkono, mimi kwanza kwa kuwa ni mgeni, kisha mwanawe. Halafu akatazama nyuma yetu, kule barabarani.

"Wengine wanakuja na gari gani?"

"Ni sisi tu, baba."

"Nyar Alego yuko wapi?" Hivyo ndivyo alivyomwita mkwewe, binti wa Alego.

"Amebaki na watoto. Gari ni ya watu wawili."

Mzee alilizunguka gari taratibu, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Aligonga faiba kwa kidole, akainama kutazama viti vyangu.

"Umeiunda wewe?"

"Mimi, baba. Yote."

"Ni kazi safi." Alisema hivyo kweli, na nilimwona Ochieng' akinyoosha mgongo kama mtoto aliyesifiwa. Kisha mzee akauliza, "Inabeba watu wangapi?"

"Wawili."

"Na kwako mko wangapi?"

"Sita."

"Jogoo na shoka vingebebwa na Owino," mzee alisema bila ukali. "Moto wa kwanza wa nyumba ungebebwa na mama yake. Nyumba haisimami bila huo, na usiku huo mngelala ndani nyote wawili, wewe na yeye. Sasa huyu fundi wa watu," akanigusa bega, "tumpe nini abebe?"

Alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akamkabidhi mkewe, mama yake Ochieng'. Akamwambia Ouma, "Mfungue huyo jogoo ale." Ouma alimfungua. Hakumtazama kaka yake, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu.

Mchana ule ule tulitembea kwa miguu mpaka posta ya Yala, Ochieng' akapiga simu kwa duka la dawa lililo karibu na soko la Jericho, wakamwita Akoth. Nilisikia upande mmoja tu. "Uje na Owino. Ndiyo. Mzee ndiye anasema. Basi ya leo jioni. Tafadhali, Mama Owino." Alipoweka simu chini alisema Akoth atakuja. Nikamuuliza kama amekasirika. Akanijibu kwamba mkewe hakusema chochote cha hasira, na hilo lilimtisha zaidi. Tulirudi tukamweleza mzee, naye akasema vema, kesho mke afike apumzike, na kesho kutwa asubuhi watatoka.

Asubuhi iliyofuata, kabla basi halijafika, Ochieng' alikuwa chini ya gari. Alifungua kile chuma kilichokatika akakifunga kwa gunia. Fundi wa kuchomelea wa pale Yala hakuwa na gesi, na Ochieng' alitaka kwenda Kisumu.

"Kaka, usitoke leo," Ouma alimwambia.

"Ni masaa tu. Mambo yenyewe ni kesho. Leo jioni nataka mzee aisikie ikinguruma hata mara moja."

Aliingia kumuaga baba yake. Mzee alikuwa kitandani, pumzi yake inasikika mpaka mlangoni. Alimtazama mwanawe akiwa na gunia mkononi, akasema, "Nenda basi." Mimi nilikwenda naye kwa sababu ndiyo kazi niliyokuja kufanya. Tulikutana na basi la kutoka Nairobi kwenye njia panda tulipokuwa tukingoja matatu ya Kisumu, na kwenye dirisha nilimwona Akoth amemlaza Owino mapajani. Ochieng' alipunga mkono. Sijui kama Akoth alimwona.

Kisumu stima zilikuwa zimepotea, mji mzima hauna umeme. Tuliketi kwenye kibanda cha mafundi wa jua kali pamoja na wenye mageti na wenye majembe ya trekta, tukingoja. Ochieng' alikuwa akisimama na kuketi. Mara mbili nilimwambia turudi, tuache chuma, tutakifuata siku nyingine. Mara zote mbili alisema stima zitarudi sasa hivi. Zilirudi alasiri. Fundi wa pale alichomelea vizuri, akapiga brashi, na Ochieng' akakipokea chuma kile bado kina joto, akakishika safari yote mapajani mwake.

Tulipofika kwenye kona ya mwisho, jua limeanza kushuka, tulisikia wanawake. Sihitaji kuwaeleza kilio cha namna ile, kila mtu anakijua. Ochieng' hakukimbia. Alitembea mpaka langoni na gunia lake, na watu wakampisha.

Ouma ndiye aliyetusimulia. Akoth alipofika tu, hata kabla ya kunywa maji, mzee aliamka akaomba koti lake. Walimwambia apumzike, ni kesho. Alisema yeye mwenyewe anajua kama kuna kesho. Alimpa Owino shoka na jogoo, akamwambia Akoth achukue moto jikoni kwa mama mkwe, akamkataza Ouma asiwafuate kwa kuwa zamu yake bado. Wakatoka langoni watatu, mzee amemshika mtoto bega, Akoth nyuma yao na kigae cha makaa. Walikawia sana. Walipokuwa wakirudi moto ulikuwa umezimika njiani, kwa manyunyu. Mzee aliketi kwenye kiti chake akaomba maji, na maji yalipoletwa hakuyanywa.

Tulizika baada ya siku chache. Watoto wengine waliletwa na jamaa kutoka Nairobi. Wana wote wa ukoo ule walitoka kila mmoja katika nyumba yake kuja kaburini. Ochieng', kifungua mimba, alitoka kwenye nyumba ya baba mdogo alikokuwa akilazwa kama mimi, kama mgeni. Watu wazima waliliona hilo, na hakuna aliyehitaji kulisema.

Siku ya pili baada ya mazishi alimwendea Akoth, aliyekuwa akiosha masufuria nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa nikimsaidia kubeba maji, ndipo nikasikia.

"Mzee alikuonyesha?"

"Alinionyesha."

"Ni wapi?"

Akoth alimalizia sufuria aliyokuwa nayo mkononi. "Alisema ni pa watu sita. Siku utakapokuja na sisi sote kwa pamoja, nitakuonyesha."

"Mama Owino, sisi sote tuko hapa leo."

"Wewe umekuja na Fundi," Akoth alisema. Sauti yake haikupanda. "Mimi nimekuja na basi."

Baba mdogo alisema yuko tayari kushika nafasi ya marehemu wakati wowote, mradi mume na mke waje wameshikamana, na mke awe tayari kuwasha moto. Ochieng' angeweza kumuuliza Owino ni wapi. Labda alimuuliza. Lakini kujua mahali si kuonyeshwa, na hilo alikuwa ameanza kulielewa. Ouma alirudi kwenye kibanda chake cha chumba kimoja, nikasikia akiwatuliza watoto.

Siku ya kurudi, gari lilikuwa limepona. Ochieng' alikuwa amekifunga kile chuma, na asubuhi ile aliliwasha. Lilinguruma vizuri kuliko wakati wowote, ua mzima ukajaa mngurumo ule, na mama yake akatoka mlangoni akasimama akiwa ameziba masikio kwa mikono miwili. Ochieng' akazima haraka.

Alimfungulia Akoth mlango wa upande wangu. "Keti wewe. Fundi atapanda basi na watoto."

"Watoto ni wangu," Akoth alijibu. "Nitapanda nao."

Ndivyo nilivyorudi katika kiti kile kile. Karibu na Gilgil tulilipita basi lao. Watoto walitutambua wakajazana dirishani wakipunga mikono na kupiga kelele tusizozisikia. Ochieng' alipiga honi. Akoth alikuwa akitazama mbele.

Jericho. Nilidhani mambo yangeishia kwa nauli ya basi na siku chache za likizo. Niliwaza hivyo kwa sababu sikuwa nimewahi kumwona mtu anayependa kitu kwa namna ile. Wiki chache baadaye nilipita kwake nikalikuta gari limekatwa katikati. Amelikata na msumeno, kutoka paa mpaka sakafu, pua iko upande huu, injini upande ule, na kati yake nafasi ya kutosha kulaza kitanda.

"Niaje, Fundi!" alisema akitoka chini, nywele zimejaa unga wa faiba. "Naongeza chesi, gari iwe ndefu. Viti sita, mistari mitatu. Wewe nishonee vinne vingine, rangi ile ile. Krismasi tunatoka sisi sote, kwa pamoja, kama alivyosema Mama Owino."

"Ochieng', panda basi," nilimwambia.

"Basi si ya kwangu."

Nilikata ngozi ile. Nilishona viti vinne. Krismasi ilipita, kisha Pasaka, kisha kiwanda kikapunguza watu na yeye akawa miongoni mwao, akapata wakati wa kutosha wa kuwa na gari lake. Sakafu iliyorefushwa ilikuwa inapinda. Akaiongezea vyuma, ikawa nzito, injini haikuweza kuivuta, akaanza kutafuta injini nyingine.

Mniulize nilijifunza nini safari ile. Nilijifunza kuna mtu anayeweza kukuomba msamaha kwa miaka, kwa mikono yake yote miwili, bila kuacha hata kidogo jambo lenyewe analoliombea msamaha. Ochieng' si mtu mbaya. Kila chuma alichochomelea pale alikichomelea kwa ajili ya mkewe na watoto, na ukimtazama usoni utaamini. Mimi naamini. Ouma naye huwa anapita kibandani kwangu akija mjini, na siku hizi haulizi tena. Mtoto wake wa nne alizaliwa ndani ya kibanda kile.

Juzi nilikuwa pale kiwanjani kumpelekea Ochieng' uzi. Alikuwa amelala chini ya kipande cha nyuma, miguu nje. Akoth alipita akienda sokoni, beseni kichwani. Alisimama kati ya vile vipande viwili, mahali ambapo viti vyangu vinne vingekaa, akatazama huku, akatazama kule.

"Fundi," akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka chini ya gari, "mkumbushe rafiki yako, stendi ya basi za Yala haijahama."

Akaenda zake sokoni. Nilingoja miguu ile isogee. Baada ya muda mkono ulitoka chini ya gari, umefunguliwa kiganja juu, na Ochieng' akaniomba nimpe spana.